Siku Niliyokataa Mechi Isimamishwe

Asifiwe Mungu aliyeniamsha leo pia, akanipa macho ya kuona karatasi kwa msaada wa miwani na mkono ambao bado unashika kalamu. Asifiwe kwa miaka niliyopewa bila kuistahili, na kwa watu alioniweka kati yao nikiwa mgeni wakanifanya mwenyeji. Ninaanza na sifa kwa sababu ninayotaka kuyaandika ni mazito. Nisipomshika Yeye kwanza nitayaacha njiani, kama nilivyokwisha kuyaacha mara mbili tatu.

Ni habari ya mechi ya mpira. Kipa wa timu yetu alikufa uwanjani kwa radi, na kwa sababu ya kifo hicho kocha wa timu pinzani alikaribia kuuawa. Yeye hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na kwa siku tatu uhai wake ulitegemea kama mimi ningefungua mdomo au ningenyamaza.

Mimi ni mtu wa Kagera, mtoto wa Walutheri. Kazi ya ualimu ndiyo iliyonileta Mwanza nikiwa kijana, na sikurudi tena. Nilipostaafu, chuo kimoja cha ualimu upande wa Misungwi kiliniomba niwe nakaa na wanachuo, niwafundishe Neno na kuwasikiliza shida zao. Kwa kuwa napenda mpira, nikapewa na ulezi wa timu. Vijana waliniita Babu. Nilitunza funguo za sanduku la jezi, niliomba nao kabla ya mechi, niliwakemea wakitukana.

Kazi nyingine nilijipa mwenyewe, nayo ni kupiga vita ushirikina. Timu za huku zina mambo yake. Zinafika uwanjani zikakataa kupita getini, zikaruka ukuta. Zinakataa chumba cha kubadilishia nguo, wachezaji wakavaa jezi ndani ya gari huku jua linawachoma. Mwingine anaingia uwanjani kinyumenyume. Mwaka mmoja kabla ya mechi hii tulikuta yai limefukiwa golini kwetu, na vijana wakagoma kucheza. Nililifukua kwa mikono yangu, nikalipasua mbele yao, nikanawa, nikawaambia waingie. Tulishinda nne bila. Tangu siku ile niliamini nimewaponya vijana wangu, na kusema kweli nilijiona fundi.

Fainali ya vyuo ilitukutanisha na chuo cha afya. Ilichezwa Jumamosi, msimu wa vuli, kwenye uwanja wa shule moja ukishaipita Igoma, kabla hujafika Kisesa. Ni uwanja wa wazi, una mawe makubwa upande mmoja na magoli ya bomba la chuma. Mvua ya alfajiri ilikuwa imefuta mistari. Tulipofika tulimkuta kocha wa wenzetu amekunja suruali hadi magotini, ana ndoo ya chokaa na kopo lililotobolewa, anachora mistari upya. Alikuwa mkufunzi wa chuo chao, mtu wa makamo, mkazi wa Kisesa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kocha mzima umegeuka fundi rangi?"

"Nifanyeje? Mtu wa chokaa hapokei simu. Refa akikuta uwanja hauna boksi, tutacheza kesho kutwa."

Vijana wetu walikuwa wamebanana madirishani mwa basi wanamtazama akimwaga ule unga mweupe golini. Nahodha akasema kwa sauti, "Babu, yule anamwaga nini? Na jana nimesikia wana mtu wao wa kutuma radi."

"Ni chokaa. Shukeni, na leo mtapita getini."

Walipita. Kipa wetu alipita wa kwanza, akicheka. "Babu anatuingiza kama wageni wa harusi," alisema. Alikuwa mwaka wa pili, mrefu, mikono mikubwa, mtoto wa wafugaji wa ndani huko Misungwi. Baba yake alikwisha kufariki, na mama yake alimtegemea sana, kwa maana wengine nyumbani walikuwa bado wadogo.

Sijaona mechi ngumu kama ile. Wanachuo wa afya walikuja na ngoma, wengi wakiwa na sare zao nyeupe, wakaimba kwamba watatuchoma sindano mmoja mmoja. Wetu wakawajibu kwamba wamekuja kuwasahihisha, na alama ya kwanza ni sifuri. Dada mmoja wa upande wa pili, mwenye sauti iliyozidi ngoma, alimwandama beki wetu mchezo mzima.

"Namba tatu! Unakimbia kama umebeba madaftari ya darasa zima!"

"Subiri nikufaulishe, dada!" beki akamjibu huku akihema.

"Jifaulishe mwenyewe kwanza, mpira umeshapita!"

Na kweli ulikuwa umepita. Goli lao la kwanza lilitokana na kona, mtu akaruka peke yake akapiga kichwa. Tulisawazisha karibu na mapumziko kwa mpira wa adhabu uliogonga mwamba, ukarudi ukampiga kipa wao mgongoni, ukajiviringisha ndani polepole huku watu wote wakiutazama. Kipindi cha pili winga wao aliwapita wawili akafunga la pili. Tuliwashambulia kwa nusu saa bila kupata kitu. Wachezaji walikuwa wanaanguka kwa kukakamaa misuli, na wale wa afya ndio waliokuwa wanawanyoosha miguu hata vijana wetu, wakiwatania kwamba matibabu ni bure leo tu. Zikiwa zimebaki dakika mbili nahodha wetu alipiga shuti la mbali ambalo sidhani kama angeweza kulirudia maishani. Mbili kwa mbili.

Wingu lilikuwa limeanza kupanda kutoka upande wa ziwani tangu katikati ya kipindi cha pili. Filimbi ya dakika tisini ilipolia, nusu ya anga ilikuwa nyeusi. Mvua ilikuwa haijafika, ila ngurumo zilikuwa zinakaribia, na kila ngurumo ilikuwa na mwanga wake kabla.

Refa alituita katikati ya uwanja, mimi na kocha wa afya, tukawa watatu tu. Refa yule nilimfundisha kusoma akiwa darasa la kwanza. Alikuwa sasa mtu mzima mwenye watoto, lakini mbele yangu alishika filimbi kwa mikono miwili kama mtoto anayesubiri kuulizwa swali.

"Mwalimu, hali ya hewa siipendi," alisema. "Naomba ushauri wenu kabla ya dakika za nyongeza."

Kocha alinyoosha mkono juu, akalionyesha wingu. "Tusimamishe. Hii si mvua tu. Turudi kesho jioni, au siku yoyote, tumalizie dakika thelathini zilizobaki."

Refa aligeuka. Alinitazama mimi. "Mwalimu, unasemaje?"

Nimejiuliza mara nyingi kilichokuwa kichwani mwangu. Kwanza nilifikiri juu ya uvumi wa nahodha. Huku radi ya kutumwa inaaminiwa na waliosoma na wasiosoma, na nikaona tukiondoka sasa vijana watasema tumekimbia uchawi, na kazi yangu yote imebomoka. Pili, nililitaka lile kombe. Wenzetu walikuwa wamechoka na sisi ndio tumesawazisha. Kesho wangerudi wamepumzika. Nililivisha jambo la pili nguo za lile la kwanza, nikasema:

"Tucheze. Mungu aliyetufikisha hapa hajalala."

"Mzee wangu," kocha akasema, "Mungu hajalala, lakini na radi haijalala."

"Kocha, kama vijana wako wamechoka, sema."

Alinitazama kidogo, akageuka akaenda kwa timu yake. Refa akasema, "Basi, Mwalimu amesema." Akaweka mpira katikati.

Niliporudi kwenye benchi kipa alikuwa amekwisha kuvua glavu. "Wamesimamisha, Babu?"

"Tunaendelea."

Nilikaa, naye akachuchumaa mbele yangu ili tusemezane kwa utulivu. "Babu, mimi uchawi siuogopi, umenifundisha. Naogopa radi. Nimechunga ng'ombe, nimeona inavyopiga. Goli lile ni chuma, na mimi ndiye ninayesimama pale."

Nahodha akadakia kutoka nyuma, "Si nilisema? Wameituma! Ona kocha wao alivyonyoosha mkono juu!"

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Vijana wawili walikuwa wamesema mambo mawili tofauti kabisa, mimi nikayasikia kuwa jambo moja. "Nyamazeni!" nikasema. "Sitaki kusikia habari ya radi ya kutumwa katika timu hii."

"Sijasema ya kutumwa, Babu," kipa akasema. "Radi ni radi."

"Umeomba?"

"Nimeomba."

"Basi rudi golini, mwanangu."

Alivaa glavu zake akaenda. Hakuninunia. Angeninunia ingekuwa rahisi kwangu kuliko alivyokwenda, kwa adabu ile.

Katika dakika ya nne ya nyongeza walipata penalti. Kipa wetu aliruka kulia akautoa mpira kwa ncha za vidole, na upande wetu ukalipuka kwa shangwe. Mimi nilipiga magoti kwenye nyasi nikashukuru. Niliona kuwa nimejibiwa. Nilipoinuka ilikuwa kona yao, na kijana alikuwa ameshika mwamba wa pembeni kwa mkono wa kushoto, anawapanga mabeki kwa mkono wa kulia.

Sikusikia ngurumo. Niliona weupe, na masikio yangu yakaziba. Kulipopambazuka tena machoni mwangu, watu sita saba walikuwa chini mbele ya goli. Waliinuka mmoja mmoja, wakiyumba, mwingine akilia na hajui analia. Kipa hakuinuka.

Waliomfikia kwanza ni wale wa sare nyeupe. Kocha wao aliwahi mbele yao wote, akapiga magoti, akaweka viganja viwili juu ya kifua cha kijana akaanza kukandamiza, akihesabu kwa sauti. Mvua ilifika wakati huo, mvua kubwa yenye mawe. Waliendelea ndani ya mvua ile, wakipokezana, yule dada aliyekuwa anamtania beki akiwa miongoni mwao, hadi gari likapatikana. Hospitalini hawakukaa naye muda mrefu. Daktari alitoka akauliza nani ni mzazi. Nikasema mimi ni mlezi.

Kufikia Jumapili asubuhi habari ilikuwa imekwisha kupangwa, na kila kitu kilichotokea uwanjani kilikuwa kimepewa maana. Kocha alimwaga dawa golini kabla ya mechi. Alinyoosha mkono angani akaita radi. Alipoona haijamaliza kazi, alimkalia kijana kifuani akammalizia. Na kama hakuwa anajua inakuja, mbona alitaka mechi isimamishwe? Hilo la mwisho sijui walilipata wapi. Nadhani refa alimwambia mtu nusu, na mtu akajaza nusu iliyobaki.

Nilikwenda kanisani. Niliombwa niwaombee wafiwa nikaomba, nikamwomba Mungu awafariji, nikasema njia zake hazichunguziki. Ilikuwa sala ya uongo. Njia iliyompeleka kijana golini ilichunguzika vizuri, na mimi niliijua.

Jumatatu walivunja madirisha ya nyumba ya kocha kwa mawe. Alinipigia simu mchana.

"Mzee, uliniona," alisema. "Ulikuwepo. Waambie nani alitaka tusimame na nani alikataa."

"Nitawaambia."

"Lini? Mke wangu na watoto nimewaondoa. Mimi niko peke yangu humu ndani."

"Nitawaambia," nikarudia. Siku ile sikumwambia mtu. Nilitembea kutoka chumbani hadi bwenini mara tatu. Kila nilipokaribia mlango nilisikia vijana wananitaja, wanasema masikini Babu, amepoteza mtoto. Nilirudi.

Jumanne tulikwenda kuzika kijijini kwa lori la chuo na magari mawili madogo. Kabla hatujaondoka nahodha alinijia. "Babu, ukimaliza mazishi wewe panda gari dogo, urudi nalo. Sisi na lori tutapitiliza hadi Kisesa."

"Kufanya nini?"

"Usituulize, Babu. Wewe ni mtu wa Mungu."

Ndani ya lori, chini ya mabenchi, niliona petroli kwenye dumu. Naandika hili ili asije mtu kusema ilikuwa hasira ya maneno tu.

Pale msibani niliitwa nitoe salamu za chuo. Nilikuwa nazo mfukoni, nimeziandika vizuri, ukurasa mmoja. Mama wa kijana alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kaburi, amejifunika kanga, wanawake wamemzunguka. Niliitoa karatasi, nikairudisha mfukoni. Nikasema bila kuisoma.

Nilisema kwamba kocha wa afya aliomba mechi isimamishwe na mimi nilikataa. Nilisema kilichomwagwa golini ni chokaa, nilimkuta akichora nacho mistari. Nilisema mkono wake ulikuwa unaonyesha wingu, na kwamba pale kifuani alikuwa anapigania pumzi ya kijana wetu wakati mimi nimesimama tu nimeshika mwavuli. Nilisema kijana alinieleza kwa kinywa chake kwamba anaogopa radi, na nikamrudisha.

Kisha nahodha akasema kutoka nyuma, kwa sauti inayokatika, "Babu, unamkinga yule. Unaona huruma, unamkinga."

"Sina wa kumkinga. Refa yule pale. Muulizeni."

Refa alikuwa amesimama kando ya ua wa minyaa. Aliinamisha kichwa. "Ni kweli," akasema. "Filimbi ilikuwa yangu. Nilimheshimu mwalimu wangu kuliko nilivyoliogopa wingu."

Mama alikuwa ameinua uso. Hakuwa akilia.

"Alikuambia anaogopa?"

"Aliniambia, mama."

"Ukamrudisha?"

"Nikamrudisha."

"Tangu Jumamosi watu wananiambia Mungu alimpenda zaidi," akasema. "Wewe usiniambie hivyo. Kaa chini."

Nikakaa chini, pale pale kwenye udongo uliochimbuliwa. Mchungaji akaendelea na ibada.

Wakati wa kuondoka sikupanda gari dogo. Nilipanda mbele ya lori, karibu na dereva, na hakuna aliyenizuia, wala hakuna aliyenisalimia. Tulipofika barabara kuu dereva aliuliza anaelekea wapi. Nyuma walibishana; nilisikia sauti zikipanda, mtu akapiga bodi la lori kwa ngumi. Mwishowe nahodha aliinama dirishani akasema, "Chuoni." Alisema neno hilo moja bila kunitazama. Walipoliegesha lori, nahodha mwenyewe alishusha lile dumu akalirudisha stoo ya jenereta, lilikotolewa.

Kocha hakuguswa. Lakini mke wake alikataa kurudi Kisesa, na baada ya miezi michache kocha mwenyewe aliomba uhamisho akaondoka Mwanza. Kabla hajaondoka nilimpigia kumwomba msamaha.

"Kwa madirisha nimekusamehe, Mzee," alisema. "Kwa kijana, si mimi wa kuombwa. Na mimi bado nahesabu. Nikilala mikono inahesabu."

Nilirudisha funguo za sanduku la jezi. Hakuna aliyeniambia nizirudishe. Nahodha alimaliza chuo, akaajiriwa, na hakuniaga. Wapo hadi leo, tena walimu wenye vyeti, wanaosema kwamba mzee alinunuliwa, na kwamba kocha alikimbia kwa sababu anajijua. Siwezi kuwashika wote mikono niwaeleze. Nikiulizwa naeleza, nisipoulizwa, sasa nimeandika.

Kwa mama wa kijana nakwenda. Mara ya kwanza hakutoka ndani. Mara ya pili alitoka akapita kwenda kisimani, akarudi, akaendelea na kazi zake. Mara ya tatu binti yake aliniletea kiti. Sasa nikifika nakaa, naye anapukuchua mahindi, nami napukuchua, tunakaa hivyo hadi jua linapoanza kushuka nami naaga. Hatujazungumza habari ile tena. Sijui kama amenisamehe na sitamuuliza, maana kumuuliza ni kumdai. Namshukuru Mungu kwa kile kiti. Namshukuru kwamba kocha yu hai, anafundisha mahali, vijana wanajifunza kwake kukandamiza kifua cha mtu aliyeanguka. Kwa mengine nasubiri.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki na kukulinda wewe na wote waliowekwa chini ya mkono wako. Mdogo wako akikuambia anaogopa, Bwana akupe moyo wa kumuuliza anaogopa nini, na subira ya kusikiliza jibu mpaka mwisho. Na ukikosea, kama sote tunavyokosea, akupe neema ya kusema mapema. Amina.